Jina la zamani la Kalemie, mfalme aliyekufa kwenye mwamba, na swali la nani anaongoza safari

KALEMIE – Wazee wa Kalemie waliosoma shule kabla ya uhuru walifundishwa kuandika jina la mji wao kuwa Albertville. Jina hilo lilitoka kwa kijana wa ukoo wa kifalme wa Ubelgiji. Mwishoni mwa mwaka 1891, kapteni Jules Jacques alijenga boma kando ya Ziwa Tanganyika wakati wa vita dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Boma hilo akaliita kwa jina la Albert, mtoto wa ndugu yake mfalme Leopold II. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 16. Mwaka 1909 akawa mfalme Albert wa Kwanza. Mwaka 1925 hifadhi ya wanyama ya Kivu, ambayo leo ni Virunga, nayo ikapewa jina lake.

Watu wengi Kalemie wanajua kwamba mji uliitwa hivyo. Wachache wanajua jinsi mwenye jina alivyokufa. Hakufa vitani, ingawa aliongoza jeshi lake katika vita vya 1914 hadi 1918. Hakufa kwa ugonjwa. Alikufa akipanda mwamba, peke yake, siku ya Jumamosi alasiri.

Kifo hicho kina nafasi katika historia ndefu zaidi, historia ya watu wanaokwenda pamoja mahali pa hatari. Nani anaongoza? Nani anajua waliotoka ni wangapi? Nani atakwenda kuwatafuta wasiporudi? Maswali hayo si ya watalii wenye kamba na viatu vya chuma tu. Familia zilizofika Kalemie kwa miguu kutoka Nyunzu, Manono na upande wa Bendera, au kwa boti kutoka Uvira, zimewahi kujiuliza maswali hayo hayo usiku, njiani.

Februari 1934

Mfalme Albert alikuwa mpanda milima hodari. Kwa miaka mingi alipanda Alpi za Uswisi na Italia, mara nyingi akiwa na waongozaji wa kule waliozijua njia. Nyumbani Ubelgiji hakuna milima mirefu, lakini kando ya mto Meuse, karibu na mji wa Namur, kuna miamba iliyosimama wima ambako Wabelgiji hufanya mazoezi. Sehemu moja inaitwa Marche-les-Dames.

Tarehe 17 Februari 1934 mfalme alikwenda huko kwa gari akiwa na mtumishi wake. Alimwacha mtumishi karibu na gari akaingia msituni kwenda kwenye miamba. Alikuwa na umri wa miaka 58. Jioni ile alikuwa anasubiriwa Brussels. Saa zikapita, giza likaingia, hakurudi. Mtumishi alitafuta, akaita, halafu akaenda kutoa habari. Watu walikuja kutoka Brussels kumtafuta kwa taa usiku. Miongoni mwao alikuwemo Xavier de Grunne, mpanda milima aliyewahi kuongoza msafara mkubwa hapa Kongo. Mwili ulipatikana usiku wa manane, chini ya mwamba, ukiwa na majeraha makubwa kichwani. Maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba jiwe alilokuwa ameshikilia au kukanyaga lilitoka mahali pake.

Hakuna aliyeona. Kwa sababu hakuna aliyeona, maneno yakaanza. Wengine walisema ameuawa, wengine wakasema amejiua, wengine wakasema mwili uliletwa pale kutoka kwingine. Uvumi huo uliendelea kwa miaka zaidi ya 80. Mwaka 2016 wataalamu wa chembe za urithi nchini Ubelgiji walipima majani yenye damu ambayo watu waliyaokota pale mwaka 1934 na kuyaweka kama kumbukumbu. Damu ikaonekana kuwa ya mfalme kweli. Alikufa pale pale.

Je, mwenzake angemwokoa? Haiwezi kusemwa kwa hakika. Jeraha la kichwa la namna ile huua haraka, hata kama daktari yuko karibu. Lakini mpanda milima aliyefungwa kamba na mwenzake anayejua kazi huwa haanguki hadi chini. Kamba humkamata njiani. Hata pale kamba isipotosha, mwenzake angejua ni wapi na ni saa ngapi. Watu wasingetafuta gizani bila kujua waanzie wapi, na familia isingeishi na uvumi kwa vizazi vitatu. Yeyote aliyewahi kupoteza ndugu njiani bila kupata shahidi anajua uzito wa jambo hilo.

Jambo jingine ni hili: Albert hakuwa mgeni wa miamba. Pengine ujuzi wake ndio uliomfanya aone kwamba alasiri moja haina haja ya mwenzake. Mahali palikuwa karibu na nyumbani, mwamba alikuwa anaujua, hali ya hewa haikuwa ya kutisha. Wanaochunguza ajali za milimani wameona mara nyingi kwamba hatari haiji tu kwa asiyejua. Humjia pia anayejua sana, siku ambayo ameacha kuhesabu.

Kilele cha Albert na majina yasiyoandikwa

Miaka miwili kabla ya kifo hicho, jina la mfalme lilikuwa limepandishwa juu zaidi ya mji wowote. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipanda milima ya Rwenzori kutoka upande wa Kongo. Kilele kimoja cha mlima Stanley, chenye mita 5,087, kikaitwa Albert. Kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, Margherita, chenye mita 5,109, kilikuwa kimeshapandwa mwaka 1906 na msafara wa mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia. Mlima Stanley uko mpakani mwa Kongo na Uganda. Kwa kulinganisha, maji ya Ziwa Tanganyika mbele ya Kalemie yako kwenye mwinuko wa mita zipatazo 773. Aliye juu ya Margherita yuko zaidi ya kilometa nne juu ya ufuko wa Kalemie, kwenye barafu, ingawa ikweta iko karibu sana.

Misafara hiyo haikufika huko kwa nguvu za wakubwa wake peke yao. Chakula, mahema, vyombo vya kupimia na kuni vilibebwa na wapagazi. Upande wa Uganda wengi walikuwa Wakonzo, upande wa Kongo ndugu zao Wanande. Wao ndio waliojua mahali pa kuvuka mito, mapango ya kulala na matope yanayomeza mtu hadi kiunoni. Walipanda kwa miguu mitupu mahali ambapo wageni walivaa buti, na usiku walijifunika nguo nyepesi kwenye baridi ya kugandisha maji.

Kwenye ramani kuna majina ya wafalme, malkia na wasafiri wa Ulaya. Majina ya wapagazi walio wengi hayakuandikwa popote. Hili si suala la heshima peke yake. Lina uhusiano na usalama. Kiongozi anayehesabu mizigo bila kuhesabu watu hawezi kujua jioni kama mmoja amebaki nyuma kwenye mvua. Desturi ya kuandika jina la kila mtu kabla ya safari, awe tajiri au mbeba mzigo, ilichelewa sana kuja kwenye milima ya Afrika, na wapagazi wengi walilipa kwa maisha yao kwa sababu ya kuchelewa huko.

Chama na kiongozi asiyelipwa

Huko Ulaya, kupanda milima kama mchezo kulianza kuwa na vyama katikati ya karne ya 19. Chama cha kwanza kilianzishwa London mwaka 1857. Mfano huo ulifika Afrika Mashariki pamoja na ukoloni. Nairobi kikawepo chama cha wapanda milima wa Kenya, ambacho kipo hadi leo. Mwanzoni wanachama karibu wote walikuwa Wazungu. Baadaye mambo yakabadilika pamoja na nchi: usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, ofisa wa jeshi Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro, na Desemba 1963 Kisoi Munyao akapandisha bendera ya Kenya juu ya mlima Kenya.

Chama cha namna hiyo kina kitu kimoja kinachofaa kutazamwa kwa makini. Kiongozi wa safari hapati mshahara. Ni mwanachama kama wengine. Wiki nzima ni mwalimu, fundi, karani au muuguzi. Siku ya mapumziko anachukua watu sita au wanane, wengine hawajawahi kupanda, anawapeleka juu na kuwarudisha. Hana bunduki wala amri ya serikali. Anasikilizwa kwa sababu moja tu, kwamba watu wamekubali kabla ya kuondoka kuwa neno lake ndilo la mwisho.

Kwa sababu hiyo vyama vilitengeneza kanuni chache ambazo hazihitaji fedha. Kiongozi hutangaza safari mapema: wapi, ugumu wake, vitu vya kubeba. Anamuuliza kila anayetaka kwenda amewahi kufanya nini, na ana haki ya kumwambia mtu kwamba safari hii bado haijamfaa. Anaandika majina. Orodha moja anakwenda nayo, nyingine anamwachia mtu aliyebaki mjini, pamoja na njia watakayopita na saa ya kurudi. Ikipita saa hiyo na hakuna habari, aliyebaki hasubiri hadi asubuhi. Anaanza kuita watu.

Njiani mwendo ni wa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Mtu mmoja mzoefu hutembea mwisho, na hakuna anayebaki nyuma yake. Kila kituo watu wanahesabiwa. Halafu kuna saa ya kugeuka. Kwenye mlima Kenya asubuhi huwa nyeupe, mchana mawingu hufunika, na karibu na ikweta jua huzama haraka na giza hufika mara. Basi kiongozi anasema kabla ya kuondoka: ikifika saa fulani, popote tulipo, tunarudi. Hata kama kilele kinaonekana. Hata kama kimebaki mwendo wa nusu saa.

Kanuni hiyo ya kugeuka ndiyo ngumu kuliko zote, na ugumu wake hauko miguuni. Watu wametumia akiba yao na ruhusa yao ya kazi. Wapo wenye nguvu wanaotaka kuendelea. Kiongozi wa kulipwa anaweza kusema ni amri ya kampuni. Wa kujitolea hana pa kujificha. Anawaambia rafiki zake hapana, na Jumatatu atakutana nao tena mtaani. Wengi waliokufa milimani hawakukosa maarifa ya kamba. Walikosa mtu wa kusema neno hilo, au walikuwa naye na hawakumsikiliza. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na kilele kilichokosekana ni nusu shari.

Septemba 1970, mlima Kenya

Mfano unaoonyesha nguvu na mipaka ya watu wa kujitolea ulitokea kwenye mlima Kenya mwezi Septemba 1970. Vijana wawili kutoka Innsbruck, Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, mita 5,199. Walipoanza kushuka, jiwe kubwa ambalo Judmaier alilishikilia liling'oka. Akaanguka nalo. Mguu wake ulivunjika vibaya, mfupa ukatokeza nje ya ngozi.

Sababu ilikuwa ile ile ya Marche-les-Dames, jiwe lililoonekana imara na halikuwa imara. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa wawili, wamefungwa kamba moja, na Oelz alikuwa daktari. Alimfunga jeraha, akamwacha kwenye ukingo mwembamba wa mwamba na chakula kidogo, akashuka peke yake kutafuta msaada. Halafu akapanda tena kurudi kwa mwenzake. Kule juu usiku maji huganda, na mtu asiyeweza kusogea hupoteza joto haraka.

Habari ilifika Nairobi. Hapakuwa na kikosi cha serikali cha kazi hiyo. Waliokwenda ni wanachama wa chama cha wapanda milima, watu wa kazi za kawaida, ambao waliacha ofisi na madarasa wakaingia kwenye magari. Aliyewaongoza alikuwa Robert Chambers. Shida ya kwanza ilikuwa hewa. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Juu ya mita 5,000 mtu anapata karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angepata pwani. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, na waokoaji hawakuwa na siku hizo. Anayepanda haraka kiasi hicho huumwa kichwa, hutapika, na akiwa na bahati mbaya mapafu yake au ubongo wake hujaa maji. Muokoaji anaweza kuwa mgonjwa wa pili.

Shida ya pili ilikuwa mwamba wenyewe. Kumteremsha mtu aliyelala, mwenye mguu uliovunjika, kwenye ukuta wa mamia ya mita, kunahitaji kamba nyingi ndefu, vyuma vya kufungia na watu waliofanya mazoezi hayo pamoja mara nyingi. Watu wa Nairobi walikuwa na moyo na ujuzi wa kupanda. Vifaa na mazoezi ya uokoaji wa namna ile vilikuwa vichache.

Helikopta ikajaribu. Hewa nyepesi ya juu haibebi mabawa yake vizuri, na upepo kwenye vilele hubadilika ghafla. Helikopta ilianguka mlimani. Rubani wake, Jim Hastings, Mmarekani, akafa. Mtu aliyekuja kumwokoa mwingine ndiye aliyetangulia kupoteza maisha.

Hata hivyo waokoaji hawakushuka. Waliendelea kupeleka dawa na chakula, wakaendelea kumsogeza majeruhi mita kwa mita. Wakati huo huo, baba yake Judmaier huko Austria alihangaika hadi kikosi cha waokoaji wa milimani wa Innsbruck kikapanda ndege kuja Kenya. Nao walikuwa watu wa kujitolea, lakini wa nchi ambayo kazi hiyo hufanywa kila juma, wenye kamba za chuma na desturi ya miaka mingi. Walifika wakamteremsha. Tangu ajali, zaidi ya wiki moja ilikuwa imepita. Judmaier aliishi.

Nani alimwokoa? Magazeti ya wakati ule yalipenda sana hadithi ya Waaustria waliovuka bahari. Ni kweli, bila wao asingefika chini. Lakini bila watu wa Nairobi asingekuwa hai wao walipofika. Na bila Oelz kushuka na kupanda tena, hata Nairobi isingejua mapema. Kila mkono ulishika sehemu yake ya kamba.

Kilichojengwa baada ya hapo

Ajali ile haikuishia kwenye shukrani. Kwa msaada wa fedha kutoka Austria, kibanda kilijengwa juu ya mlima Kenya, karibu mita 4,790, kikakamilika mwaka 1973. Kinaitwa hadi leo kibanda cha Waaustria, na wapanda milima wa mataifa yote hulala humo. Askari wa hifadhi nao walifunzwa kazi ya uokoaji, na leo wito wa kwanza mlimani ukitoka, wanaokwenda ni Wakenya wenye mafunzo, walioshazoea mwinuko kwa sababu ndipo wanapofanya kazi. Oelz mwenyewe akawa profesa wa tiba huko Zürich, mmoja wa watafiti wanaojulikana wa ugonjwa wa mwinuko, ugonjwa ule ule unaowaangusha waokoaji wanaopanda haraka.

Kilichowezesha mabadiliko hayo ni desturi moja ya vyama: baada ya ajali watu hukaa chini, husimulia kilichotokea saa kwa saa, na kuandika. Hawaanzi na swali la nani afungwe. Wanauliza kamba ilikuwa ya urefu gani, habari ilichukua saa ngapi kufika, nani hakujua njia, kitu gani kilikosekana. Pale watu wanapoogopa kulaumiwa, hakuna anayesema ukweli, na ajali ya pili huwa pacha wa ile ya kwanza.

Kongo nayo ina milima ya kujifunzia. Kwenye Rwenzori upande wa Mutwanga, anayepanda hupita vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, kimoja baada ya kingine, ili mwili upate siku za kuzoea. Kwenye Nyiragongo, mlima wa moto wenye mita zipatazo 3,470 karibu na Goma, wageni walipanda kwa makundi yenye walinzi wa hifadhi, kwa saa iliyopangwa, hadi volkano ilipolipuka Mei 2021. Vita vimefunga njia nyingi za huko. Lakini waongozaji na wapagazi wa milima hiyo bado wapo, na wengine wao leo ni wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe.

Kutoka mlimani hadi ziwani

Kalemie haina chama cha wapanda milima kama cha Nairobi. Ina milima ya Mitumba nyuma yake, Marungu upande wa kusini, Kabobo upande wa kaskazini, na ziwa mbele. Watu wake wanasafiri kwa makundi kila siku, na mara nyingi anayeongoza ni mtu wa kujitolea: mkubwa wa kijiji aliyetoka na watu wake usiku, mama aliyekusanya watoto wa majirani, kijana wa Msalaba Mwekundu, mzee wa kanisa, mwakilishi wa kambi. Tangu vita kati ya Watwa na Waluba vilipozidi mwaka 2016, maelfu ya watu walitembea hivyo hadi wakafika kambi za Katanyika, Kalunga na nyinginezo. Mwanzoni mwa 2025, wengine wengi walifika bandarini wakitokea Uvira wakikimbia vita vya Kivu. Hakuna aliyewapa mafunzo wale waliowaongoza. Wengi walifanya kazi ya kiongozi wa mlimani bila kuijua kwa jina hilo: walitembea kwa mwendo wa bibi kizee, walihesabu watoto kila walipovuka mto, waligeuka njia ilipoonekana mbaya.

Ziwani ndiko kanuni hizo zinakosekana zaidi. Desemba 2014 meli Mutambala iliondoka Kalemie kuelekea Uvira ikiwa imejaa kupita kiasi. Upepo mkali ukaikuta, ikapinduka usiku. Waliokufa walikuwa zaidi ya 100. Siku za kwanza idadi ilitajwa ndogo, halafu ikapanda kadiri miili ilivyoopolewa. Familia zilisimama ufukoni bila kujua kama ndugu yao alipanda au alibaki. Pale ndipo uvumi unapozaliwa, kama ulivyozaliwa Marche-les-Dames kwa mfalme. Tofauti ni kwamba damu ya mfalme ilitafutwa na kupimwa miaka 80 baadaye, na mchuuzi wa samaki hana wa kumpimia.

Linganisha na safari ya chama. Saa ya kugeuka ni ile nahodha anapotazama ziwa saa kumi jioni, msimu wa upepo wa kusini kati ya Mei na Septemba, na kusema leo hatutoki, ingawa abiria wameshalipa na wanapiga kelele. Haki ya kumkataa msafiri ni ile ya kusema boti imejaa, hata kwa mtu mwenye cheo. Kutembea mwisho ni kuhakikisha jaketi za uokoaji zinawafikia watoto na akina mama walioko nyuma, kabla ya kuwafikia wenye nguvu walioko mbele. Na aliyebaki mjini na orodha ni ofisi ya kamishna wa ziwa, au hata jirani tu mwenye simu, anayejua boti ilitoka saa ngapi na ilipaswa kufika lini.

Mengi ya hayo hayahitaji fedha za mfadhili. Jaketi ni ghali, ni kweli, na ndiyo maana serikali na wenye boti wanapaswa kudaiwa. Lakini karatasi na kalamu hazizidi bei ya muhogo mmoja wa kuchoma. Msafiri anaweza kudai jina lake liandikwe. Mama anayetuma watoto kwa ndugu Moba anaweza kuuliza nani mkubwa wa msafara huu, na kama hakuna anayejibu, akawarudisha watoto nyumbani siku hiyo. Kiongozi wa kundi linalorudi kijijini kuangalia mashamba anaweza kumwachia mwakilishi wa kambi majina ya wote, njia watakayopita na siku ya kurudi.

Kuna tahadhari moja ambayo familia za wakimbizi wanaijua kuliko mpanda milima yeyote. Mahali penye watu wenye silaha, orodha ya majina inaweza kuwa hatari ikianguka kwenye mikono mibaya. Kwa hiyo orodha inayobaki nyumbani, kwa mtu anayeaminika, ina thamani zaidi kuliko ile inayobebwa njiani. Kanuni ya mlimani haichukuliwi nzima nzima. Inapimwa kwa hali ya mahali, kama kiongozi mzuri anavyopima mwamba kabla ya kuushika.

Jina la Albert liliandikwa kwenye mji, kwenye hifadhi na kwenye kilele cha mita 5,087. Mji na hifadhi vimeshabadilisha majina yao. Wapagazi waliofungua njia ya kilele hicho hawakuandikwa, wala wengi wa waliozama na Mutambala hawakuwa kwenye orodha iliyo sahihi. Boti inayotoka bandarini leo jioni ina nafasi ya kufanya tofauti kabla ya kamba yake kufunguliwa, kwa mtu mmoja kusimama na daftari na kuuliza kila anayepanda: unaitwa nani, na nani anakungoja?